Sura ya 7: Imezima, Imekata au Imefifia?

Ilikuja na bajaji. Mpiga besi amejibanza pembeni, amplifaya imekaa katikati ya kiti kama bibi harusi, na dereva alikuwa amelalamika njia nzima kwamba mzigo ule ni abiria wa pili na nauli yake iko pale pale. Hakukosea sana. Amplifaya ya besi ya wati 200 inayotumia valvu tupu huweza kufika kilo 30, na sehemu kubwa ya uzito huo ni chuma na shaba ya transfoma zake mbili: moja ya kupokea umeme wa ukutani, nyingine ya kuupeleka mlio kwenye spika. Tuliishusha watu wawili. Meza yangu, iliyokwisha kubeba redio na televisheni za mtaa mzima, ililia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Inasumbua nini?"

"Inazima yenyewe."

Jina la kiwanda silitaji. Kosa nililokuja kulikuta lingeweza kutokea kwenye chombo cha kiwanda chochote, na kosa langu mwenyewe, ambalo nitalieleza pia, halina kiwanda. Ninachotaka kukizungumzia ni hilo neno "inazima", kwa sababu ndilo lililotupotezea wiki tatu.

Mtaani kwetu kila kitu cha umeme kikiacha kazi kimezima. Simu imezima, feni imezima, gari limezima. Hakuna ubaya, tunaelewana. Lakini amplifaya ya valvu hufa kwa namna tatu, na fundi asiyezitenganisha ataanza kuchomoa vitu ovyo. Kuna kuzima kwenyewe: taa ya mbele imekufa, ule mwanga wa rangi ya chungwa ndani ya valvu umeondoka, chombo kimekuwa sanduku. Kuna kukata: taa inawaka, valvu zinang'aa, joto liko pale pale, ila sauti imeondoka ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango. Na kuna kufifia: sauti inapungua kidogo kidogo, inaingia mikwaruzo, besi inalegea kama uji, mwisho inapotea.

Ukiambiwa imezima, fuata njia ya umeme wa ukutani: plagi, waya, swichi, fyuzi kuu, transfoma, na kile kidude cha joto kinachofichwa ndani ya transfoma nyingi. Ukiambiwa imekata, umeme wa ukutani unafika bila shaka, la sivyo nyuzi za valvu zisingewaka. Hapo tafuta kwenye umeme mkubwa wa ndani, saketi ya ulinzi, au njia ya sauti mpaka kwenye spika. Kufifia ni habari ya uchovu: valvu zilizozeeka, kapasita zilizokauka, au umeme mdogo. Huu wa mwisho wengi wanausahau. Uzi wa valvu umetengenezwa kupashwa moto kwa volti 6.3. Ukuta wako ukishuka kutoka volti 230 hadi 195 jioni watu wanapowasha pasi na majiko, uzi ule unabaki na volti 5.3 hivi, na hakuna fundi atakayekuponyesha hapo, labda stabilaiza.

Basi sikugusa bisibisi. Nilimvutia stuli.

"Ikizima, taa ya mbele inabaki?"

"Taa?" Alinitazama kama nimemuuliza rangi ya viatu vya rais. "Fundi, mimi niko jukwaani. Watu wanacheza, besi imepotea, mwimbaji ananigeukia. Nitaangalia taa saa ngapi?"

"Inazima mwanzo wa onyesho au mwisho?"

"Katikati. Kipindi cha kwanza hamna shida. Cha pili, wimbo wa tatu au wa nne, chali."

"Ikishazima unafanyaje?"

"Naiacha. Tukienda mapumziko, nikirudi imekubali."

Hapo nilipata kitu. Chombo kinachokufa na kufufuka baada ya robo saa hakijaungua popote. Fyuzi iliyokatika hairudi, na kapasita iliyopasuka haifufuki. Kinachorudi ni kile kinachofuata joto. Kimetanuka kikaachia, kikapoa, kikashika tena. Nilikuwa tayari na picha kichwani, na ndipo nilipomwuliza chombo chenyewe ni cha umeme gani.

"Cha Marekani. Volti 120. Nina transfoma ya kushusha."

Aliitoa kwenye kiroba: sanduku dogo la bati, limeandikwa wati 500. Sasa, maandishi ya kwenye visanduku hivi ni kama umri wa mchezaji kwenye mashindano ya vijana. Unausoma kwa heshima, huuamini. Amplifaya ya wati 200 haivuti wati 200 ukutani. Zaidi ya wati 40 zinakwenda kupasha nyuzi za valvu tu, hata kabla hujapiga noti moja, na valvu za nguvu zinapoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto. Ukiipiga kwa nguvu, 450 na kuendelea ni kawaida. Kisanduku kile kilikuwa kinakimbia mbio zake zote tangu wimbo wa kwanza.

Halafu kuna jambo la hamsini na sitini. Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Transfoma ya kushusha inapunguza volti, lakini hiyo 50 inapita kama ilivyo. Transfoma iliyofumwa kwa 60 ikilishwa 50 kwa volti zile zile, sumaku ndani ya chuma chake inapanda kwa asilimia 20. Ikiwa kiwanda kiliacha nafasi kwenye chuma, itavumilia na kupata moto kidogo zaidi. Ikiwa kilibana matumizi, itaunguruma na kuchemka. Ya kijana yule ilivumilia, nashukuru. Ila ukinunua chombo cha Marekani cha mtumba, geuza nyuma ukasome: kama kimeandikwa 120 pamoja na 60 tu, jua unanunua na joto lake.

Nilifungua kisanduku cha wati 500. Ndani, kando ya koili, kulikuwa na swichi ya joto ya ukubwa wa punje ya haragwe. Ni vipande viwili vya metali vilivyobanwa pamoja, kila kimoja kinatanuka kwa kiasi chake, hivyo joto likizidi vinajikunja na kuachia. Vikipoa vinanyooka. Nikampa ya kwangu ya wati 1500, nikaiunga amplifaya na rezista kubwa za omu 4 badala ya spika, nikaipigia mlio wa majaribio saa nzima. Haikuzima. Nikamwambia aende, akanunue ya kwake ya 1500, na yangu airudishe.

Wiki moja baadaye simu ililia saa saba usiku. Nyuma ya sauti yake nilisikia tumba na watu.

"Fundi, bado inazima."

Niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira. Nilikuwa nimeijaribu saa nzima. Lakini nilikumbuka swali langu.

"Angalia taa ya mbele. Sasa hivi."

Kimya. Tumba. "Inawaka, fundi. Nyekundu."

"Siku zote ni nyekundu?"

"Hapana. Siku zote kijani."

Kumbe tulikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa jina moja. La kwanza lilikuwa kuzima, nalo tulishalitibu. Hili la pili lilikuwa kukata. Inawezekana lilikuwepo tangu mwanzo, ila kisanduku cha wati 500 kilikuwa kinawahi kuzima chombo kizima kabla lenyewe halijajitokeza. Kwake yeye, aliyesimama jukwaani na besi iliyonyamaza, yote yalikuwa "imezima".

Ili nieleze taa nyekundu ilikuwa inasema nini, lazima tuingie ndani ya valvu.

Valvu, ambayo Wamarekani huiita tyubu, ni chupa iliyonyonywa hewa. Katikati kuna uzi wa moto. Unapasha kathodi, kathodi inatoa elektroni, na bamba la chuma lililo nje, lenye volti mia kadhaa, linazivuta. Hiyo peke yake ni mlango wa upande mmoja, na John Ambrose Fleming alikuwa nayo mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Lee de Forest akaweka wavu kati ya kathodi na bamba, na huo wavu ndio muziki wote. Ni bawabu. Ukiupa volti hasi za kutosha, elektroni zinapita chache. Ishara ndogo kutoka kwenye gitaa inamtikisa bawabu huku na huku, na nyuma yake msafara mkubwa wa elektroni unatikisika vile vile, ukiwa na nguvu ya kusukuma spika.

Bawabu akiondoka mlangoni, je? Elektroni zinamiminika zote. Bamba linapigwa bila kupumzika, linapata moto, na baada ya sekunde chache unaliona likianza kuwa jekundu kama mkaa unaopulizwa. Amplifaya za zamani zilikuwa zinajiunguza namna hiyo hadi fyuzi ikatike, au transfoma, mojawapo. Hizi za karibuni, kama ya kijana yule, nyingine zimewekewa saketi ya kuzipima valvu za nguvu moja moja. Moja ikivuta mkondo kupita kiasi, relei inalia tak, umeme mkubwa unakatwa, na taa inageuka nyekundu. Kwa hiyo taa ilikuwa imeshatuambia: mmoja wa mabawabu wanne ametoroka.

Nitoke nje kidogo. Besi ya umeme ni kitu cha juzi. Leo Fender aliitoa Precision Bass mwaka 1951 huko California, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya yake, Bassman. Wapiga gitaa wakaipenda kuliko wapiga besi, na saketi yake ndiyo Marshall wa London waliyoiiga walipoanza kutengeneza za kwao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapiga besi walibaki na njaa, kwa sababu noti za chini zinakula. Waya mnene wa besi hutikisika mara 41 tu kwa sekunde, na sikio letu ni zito kwa sauti za kina hicho; ili ukumbi uisikie besi sawa na gitaa la solo, unamwaga wati nyingi zaidi. Mwaka 1969 Ampeg walijibu kwa SVT, wati 300 na valvu 14, na Rolling Stones wakazunguka nazo Marekani mwaka ule ule. Chombo hicho kilifanya mamia ya wati kwa besi kuwa jambo la kawaida, na joto lake pia.

Kwetu bendi za dansi za zamani zilikuwa na jambo lao. Vyombo mara nyingi havikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi; nyingine zilikuwa za mashirika, za jumuiya, au za tajiri mwenye ukumbi. Mpigaji akihama, alihama na vidole vyake, gitaa na amplifaya akaviacha. Mimi naamini ndiyo maana hadi leo unampata mpiga besi hodari, anayeweza kukushikia wimbo dakika 15 bila kupepesa, ambaye hajui taa ya mbele ya chombo chake ni ya rangi gani. Hakuzoeshwa kwamba ni chake. Huyu wa kwangu alikuwa kizazi kingine: alikinunua mwenyewe, mtumba, kutoka kwenye shehena ya vyombo vilivyotoka Marekani, kwa pesa alizochanga mwaka mzima. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kupiga simu saa saba usiku.

Alikirudisha Jumatatu. Safari hii nilifungua.

Kufungua kuna sheria zake, na hapa siandiki kwa mzaha. Ndani ya chombo hiki kulikuwa na volti karibu 600 za umeme mnyoofu, na kapasita zinazozishika hazijali kama umechomoa plagi. Nikiwa kijana niliwahi kurushwa na redio ya valvu iliyochomolewa tangu asubuhi. Mkono uliniuma siku mbili, na mwalimu wangu alicheka kwanza ndipo akaniuliza kama mzima. Tangu siku hiyo nachomoa, nasubiri, halafu namimina chaji kwa rezista ya kilo-omu 10 iliyofungwa kwenye waya wenye ngozi nzito na klipu, sekunde kadhaa kwa kila kapasita. Kisha napima kwa mita. Mita isiposoma karibu na sifuri, sigusi. Na wakati wa kupima chombo kikiwa kimewashwa, mkono mmoja unakaa mfukoni, ili umeme ukinishika usipate njia ya kupita kifuani. Ambaye hana mita na hana mtu wa kumsimamia, sura hii aisome kwa ajili ya kumwelewa fundi wake, basi.

Ndani kulikuwa na vumbi, mabawa ya mende, na historia. Fyuzi kuu ilikuwa ya ampea 15 mahali palipochapwa 6. Mtu huko nyuma alichoka kununua fyuzi. Fyuzi ni shahidi mzuri ukiisoma: waya ukikatika taratibu katikati na kioo kikabaki safi, chombo kilizidiwa kidogo au fyuzi ilizeeka, kioo kikiwa cheusi au kimepakwa fedha kama kioo cha kujitazamia, kuna kitu kilipiga shoti kwa kishindo. Lakini ukiweka ya ampea 15 umemziba shahidi mdomo. Afadhali hii kuliko ile karatasi ya sigara ninayoikuta kila mwaka, imezungushwa kwa ustadi mtu angedhani ni zawadi.

Na pembeni ya tundu la valvu ya nne, kwenye chuma, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: 4, na alama ya kuuliza.

Niliiona. Niliisoma hivi: fundi wa huko alishuku valvu ya nne. Nami nikashuku valvu, kwani zote nne zilikuwa na alama za kuungua kiooni na pini zao zimeshika kutu ya pwani. Nikamwambia kijana tuagize seti mpya, nne zilizopimwa zifanane. Si bei ya mboga. Alikubali bila kubisha, jambo ambalo mpaka leo linaniuma zaidi ya kama angebisha.

Zilipofika niliziweka, nikarekebisha volti hasi. Kwenye kila kathodi kiwanda kilikuwa kimeweka rezista ya omu 1, kwa hiyo mita ikisoma milivolti 35 unajua mkondo ni miliampea 35. Zidisha kwa volti 600, unapata wati 21, ambazo valvu ya wati 35 inazimudu bila jasho. Zote nne zilikaa sawa. Nikaipiga dakika 20. Nikampigia simu.

Dakika 20. Chombo kilichoniambia wazi kwamba kinakufa baada ya muda mrefu, nikakijaribu dakika 20 kwa sababu umeme wa mgao wa mtaa ulikuwa unakatika saa kumi. Ijumaa alikipiga, na kipindi cha pili, wimbo wa nne, taa ikawa nyekundu.

Jaribio nililopaswa kulifanya siku ya kwanza halina gharama hata ya soda. Unahamisha. Unatoa valvu ya nne unaiweka kwenye tundu la kwanza, ya kwanza unaiweka la nne. Ugonjwa ukihama pamoja na valvu, valvu ndiyo mgonjwa. Ugonjwa ukibaki pale pale, valvu haina hatia. Mgonjwa ni tundu, au kilicho nyuma yake. Nilifanya hivyo Jumamosi, mita nne zimeungwa kwenye kathodi nne (mbili zangu, mbili za kuazima kwa jirani anayetengeneza inveta), rezista za omu 4 zikichemka pembeni.

Dakika 10: zote 35, moja 36. Dakika 30: zote 37 au 38, joto la kawaida. Dakika 48 mita ya nne ikaruka hadi 60, ikarudi 38. Nikaacha chai. Ikaruka tena, 90, ikakaa. Nilimwita kijana wangu wa kazi azime taa ya karakana na kuvuta pazia.

Gizani valvu ni nzuri kuliko zinavyosikika. Kila moja ina duara dogo la chungwa katikati, na nyingine hupata wingu la buluu kwenye kioo, ambalo halina ubaya wowote ingawa wateja hulikimbilia. Ya nne ilikuwa na kitu kingine. Kwenye pembe ya bamba lake, pale chuma kilipokunjwa, kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa kanga. Ukapanuka. Ulikuwa umefika ukubwa wa kucha relei ilipolia tak, na mstari ukafa polepole. Taa ya mbele: nyekundu. Na valvu iliyokuwa inaungua pale ni ile ile iliyokaa tundu la kwanza wiki nzima bila kosa.

Ilikuwa tundu basi. Lakini tundu lina pini 8, na kila pini ina habari yake. Kwa valvu za aina hii, namba 2 na 7 ni uzi wa moto, 3 ni bamba, 8 ni kathodi, na 5 ni bawabu, wavu wenyewe. Nilisubiri kipoe kidogo kirudi kijani, nikachukua kifaa ambacho hakuna duka la elektroniki linalokiuza kwa bei nzuri kama muuza nyama choma: kijiti cha mshikaki. Kikavu, kirefu, hakipitishi umeme, ncha yake ni nyembamba kupita kidole chochote. Mkono wa kushoto mfukoni, nikaanza kubonyeza bodi upande wa risasi, pini moja moja. Namba 2, kimya. 3, kimya. 8, kimya. Nilipoigusa 5, mita ikapanda hadi 90 na kushuka, kama mtu aliyetekenywa.

Niliizima, nikamimina chaji, nikavaa miwani ya kukuza. Hapo ndipo palipokuwa. Risasi iliyoshika pini namba 5 ilikuwa na ufa wa duara, mweusi, mwembamba kuliko unywele, ukizunguka pini yote kama pete. Tundu lilikuwa limeshikwa na bodi yenyewe. Kila onyesho bodi inapata moto na kutanuka, kila alfajiri inapoa na kusinyaa, na kila anayechomeka valvu mpya anaisukuma kwa kidole gumba. Baada ya miaka risasi inachoka. Ikiwa baridi, pini na risasi vinagusana. Ikiwa moto, vinaachana kwa nafasi ambayo jicho haliioni, wavu unapoteza volti zake hasi, na bawabu anaondoka.

Nilinyonya risasi ya zamani yote, nikaikwangua pini hadi ing'ae, nikaichoma upya, na kuongeza kipande cha waya wa shaba kutoka kwenye pini hadi kwenye rezista ya wavu, ili siku risasi ikichoka tena njia ya pili iwepo. Nikafanya pini zote za matundu manne, 32, maana ndugu zake walikuwa wameishi jikoni lile lile. Nikarudisha fyuzi ya ampea 6. Kisha nikaipiga saa tatu mfululizo, na umeme ulipokatika nikaanza upya.

Kijana alipokuja niliweka mezani valvu zake nne za zamani, zimefungwa gazetini. Nilimwambia ni nzima, azitunze kama akiba, na kwamba kazi yote ya ufundi simtozi, kwa sababu nilimnunulisha kitu ambacho hakukihitaji. Alizitazama kwa muda.

"Kwa hiyo hizi mpya hazikuwa na haja?"

"Hazikuwa na haja."

"Ila zinalia vizuri, fundi."

Sikujua kama ananiliwaza au anasema kweli. Alichomeka besi yake, akapiga polepole, noti za chini tu, hadi vikombe vikaanza kutembea juu ya kabati na mama anayeuza mihogo mlangoni akageuka. Mara mbili nilimwona akiinama kuangalia taa ya mbele.

Kabla sijafunga kifuniko nilichukua kalamu ya risasi. Chini ya ile 4 na alama yake ya kuuliza nikaandika: tundu, pini 5. Halafu tarehe, na zile namba nne za miliampea.